Glavu za Mkaguzi wa Punda

Debe liligongwa kwanza. Mtu asiyekaa Kariakoo angedhani ni mtoto anacheza, au fundi bati ananyoosha mfuniko. Sisi tulijua. Sauti ilianza upande wa Msimbazi kwa wauza maji, ikapokewa na muuza mkaa, ikapokewa na fundi bati wa kweli, na ilipofika kwenye dirisha la baba yangu mtaa mzima ulikuwa umekwisha badilika uso. Magari ya punda yaliyopangwa mbele ya soko yaligeuzwa. Punda wenye vidonda walisukumwa kwenye nyua za watu, na wale waliochelewa kufichwa walitupiwa magunia mgongoni, wakasitiriwa kama wagonjwa wanaofunikwa wageni wakipiga hodi. Kisha vumbi likatulia, na katika utulivu ule akatokea yeye, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka ina makali, mikono nyuma, anatembea polepole kama mtu aliyetoka kula akashiba.

Tulimwita Mkaguzi. Alikuwa na jina, na watu wa msikitini walilijua, lakini mtaani halikutumika. Kazi yake ilikuwa kusimamia sheria iliyokataza mnyama kuteswa: punda asivutishwe gari akiwa na kidonda, ng'ombe asipigwe ovyo njiani kwenda machinjioni, kuku asining'inizwe kutwa juani, mbwa mwenye kichaa akamatwe kabla hajauma watu. Aliweza kumpeleka mtu kortini. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Alitumwa kushika wanyama wenye maumivu na woga, na hakupewa hata fimbo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba hajui habari za debe. Nilikuwa msichana wa kutosha kuolewa, nakaa dukani na baba nikishona bitana za viatu, na kila nilipoona mtaa mzima unamcheza shere nilimwonea huruma. Siku moja alikuja kutengeneza ukanda wake, nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Husikii wanavyokugongea debe?"

"Marahaba, binti. Nasikia. Mimi si kiziwi."

"Mbona huendi mbio ukawakamata?"

Alinitazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyekaribia jibu. "Punda aliyefichwa yuko wapi?"

"Uani."

"Juani au kivulini?"

"Kivulini."

"Anavuta gari?"

"Havuti."

"Basi nikimbilie nini? Debe lile limewapumzisha punda wengi kuliko mimi."

Baba alicheka mpaka msharasi, sindano yake nene ya kutobolea ngozi, ukamponyoka mkononi. Nautaja msharasi ule kwa sababu nataka kukumbuka kwamba walikuwa marafiki, kwamba kulikuwa na siku ambazo watu wale wawili walicheka pamoja ndani ya duka letu na mimi nikachekea kazini kwangu, nyuzi mdomoni.

Watu walidhani anapenda wanyama. Hawakukosea sana, lakini walikosea. Nyumbani kwake hapakuwa na paka. Siku ambazo hakuwa kazini, akimwona mbwa amelala mbele, alivuka upande wa pili wa barabara. Nyama ya mbuzi aliila mpaka akanyonya mfupa, na alikuwa hodari wa kuchagua maini pale kwa wachoma mishikaki. Mwenye kumtania alimwita rafiki wa punda. "Mimi punda simpendi," alijibu. "Ananuka, ana kiburi, na ananipiga mateke. Mimi nachukia kidonda. Kidonda kikiwa juu yako wewe nitakuchukia nacho vilevile."

Na kwa watu alikuwa mkali. Watoto aliwafokea. Mkewe, mama mpole kuliko wote niliowajua, alimsemesha kwa ufupi kama askari, halafu jioni ungemkuta amekaa barazani anammenyea chungwa, anampa pande moja moja. Siwezi kuviweka pamoja vitu hivi vikakubaliana. Nimekwisha acha kujaribu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta kuku kutoka Kisarawe. Alikuwa hodari wa maneno, na hakuna aliyeshindana naye akatoka na nguo zake zote. Mkaguzi alimkuta siku moja ameweka begani mti wenye kuku pande zote mbili, wamefungwa miguu, vichwa chini.

"Mama, kuku hawa wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Nawauza tu."

"Ungening'inizwa wewe miguu juu, toka Kisarawe mpaka hapa, ungeona nini?"

"Ningeiona miguu yako, Bwana Mkaguzi, na magaga yake. Ningefumba macho."

Watu waliokuwa karibu walishika mbavu. Yeye aliinama, akaitazama miguu yake ndani ya makubazi, akaitazama kwa makini kama punda aliyeletwa kukaguliwa. "Kweli," alisema. "Kesho nitaipaka mafuta. Na wewe kesho niletee kuku wamekaa ndani ya tenga."

Kesho yake alikuja miguu inang'aa mafuta ya nazi mpaka nzi wanateleza, na yule mama alikuwa na tenga jipya kichwani. Tangu siku ile hawakupitana bila kuchokozana, na mara nyingi nilimwona Mkaguzi akitia mkono ndani ya tenga, akamtoa kuku mmoja mmoja, akampapasa mbawa, akamrudisha, na yule mama akimwambia asimpapase sana kuku wa watu bila posa.

Mikono ndiyo ilikuwa kazi yake. Wenye magari walikuwa wamevumbua ujanja: kidonda cha punda walikipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, kikawa cheusi sawa na ngozi, na mtu wa kutazama kwa macho angepita bila kuona kitu. Kwa hiyo Mkaguzi hakutazama. Alisimama kando ya punda, akamwacha amnuse, kisha akaingiza kiganja chini ya mkanda wa kifuani na kukisogeza polepole, uso wake umegeukia kwingine, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni gizani. Alipofika penye kidonda punda alimwambia mwenyewe. Alimwambia kwa meno. Mikono ile ilikuwa na makovu mpaka juu ya kiwiko, mengine meupe, mengine yamekunjamana kama mshono wa mwanafunzi.

Mbwa walikuwa shida nyingine. Sisi watu wa pwani tumefundishwa kwamba mate ya mbwa yakikugusa utaosha pale yalipogusa mara saba, na mara moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na chungu cha udongo safi, mkewe akiuchekecha kama unga wa ngano, na kila alipomaliza siku ya mbwa alichuchumaa pale, akahesabu, akasugua makovu yake. Alikwenda kuswali mikono imemwiva. Ijumaa alivaa kanzu yenye wanga, na hakuna aliyekuwa msafi kuliko yeye katika safu nzima.

Alikuwa na namna yake ya kufunga mlango. Hakuuacha ujifunge wala hakuuvuta kwa komeo. Aliweka kiganja juu ya ubao akausindikiza mpaka ukakutana na mwimo bila kutoa sauti. Alisema alijifunza mazizini: mnyama aliyeshtuka hafanyi la maana, na mlango ukibamizwa humshtua kuliko kiboko. Basi hata dukani kwetu, ambapo mnyama pekee alikuwa mjusi, aliingia na kutoka bila mlango kujulikana.

Lazima nieleze kazi ya baba, maana bila hiyo hayatafahamika yaliyofuata. Alikuwa fundi viatu, lakini viatu peke yake visingetulisha. Alishona pia hatamu na mikanda ya punda, na aliyeleta kazi hiyo karibu yote alikuwa mtu mmoja, tuliyemwita Mwenye Magari, mwenye kicheko kikubwa na magari ya punda kuliko mtu yeyote sokoni. Nyumba yake ilitazamana na duka letu, na baraza yake ndiyo iliyokuwa baraza ya mtaa. Hapo ndipo wanaume walipokaa baada ya swala ya alasiri.

Tena baba alikuwa na cheo kingine ambacho hakukiomba. Vitu vya ngozi vilikuwa vinaingia kutoka Ulaya, mabegi, mikanda, pochi, na watu walihofia ngozi ya nguruwe, ambayo kwetu haitakasiki hata ikitiwa dawa gani. Kwa hiyo mtu akinunua kitu cha ngozi pale mjini, kabla hajakivaa kwenda msikitini alikileta kwa baba. Baba alikipeleka dirishani, akakikunja, akatazama vitundu vya manyoya. Akisema ng'ombe, watu walivaa. Akisema sijui, kitu kilitupwa. Nilijivunia sana neno lile la baba. Nilidhani ni kitu kama kisima, kwamba ukitia ndoo utapata maji siku zote.

Siku Mkaguzi alipoomba vifaa, watu walijaa katika ukumbi mmoja pale Mnazi Mmoja. Baraza la mji lilitaka kusikia watu wa soko wanasemaje juu ya fedha za ushuru, na yeye akasimama katika kanzu yake ya Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa. Aliomba glavu ndefu za ngozi. Aliomba buti. Aliomba aproni nzito ya turubai, na fimbo yenye kitanzi ya kukamatia mbwa. Aliyasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma majina ya ndugu zake.

"Na kofia ya chuma je?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Na bibi wa kumpepea," mwingine akaongeza.

Mwenye Magari alingoja kicheko kiishe, kwa kuwa alijua kungoja. "Ushuru wa soko tunatoa sisi," alisema. "Mitaro imejaa, mvua ikinyesha tunauza samaki ndani ya maji. Leo tumvalishe mtu glavu? Mimi nashika punda tangu nina akili. Nawashika kwa mikono hii. Anayetaka kushika punda na ashike kama sisi."

Ukumbi ulipiga makofi. Nilikuwa nimekaa na wanawake upande wa ukutani, na nilimwona Mkaguzi akikunja mikono ya kanzu, taratibu, wa kulia na wa kushoto, mpaka juu ya viwiko. Akainyoosha mikono mbele yake. Makofi yakapungua.

"Bwana," alisema, "wewe unamshika punda wako, anakujua. Mimi namshika punda wa mtu, anaumwa, hanijui, na mwenyewe yuko nyuma yangu anampigia kelele aniume. Mwaka huu kuna kichaa cha mbwa. Mbwa akiniuma sitakufa mimi peke yangu nikaisha. Mtakosa mtu wa kumkamata yule atakayewauma watoto wenu."

Mchaga mwenye duka la kona, Mkristo kutoka Kilimanjaro aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuzoeleka, akasimama akasema kwao hata mvuna asali hujifunika mikono, na nyuki hana kichaa. Diwani mmoja akasema jambo hili ni dogo, lipite. Nadhani lilipita pia kwa sababu watu walikuwa na njaa. Lakini lilipita. Kwa mara ya kwanza fedha ya soko lile ilitengwa kwa ajili ya kuikinga mikono ya mtu mmoja, na tulirudi Kariakoo kwa miguu, baba na Mkaguzi mbele, wanaongea, na mimi nyuma yao na furaha ambayo sasa nikiikumbuka natazama chini.

Glavu zilikuja kwanza. Vingine tuliambiwa vitafuata. Zilikuwa za rangi ya chai ya maziwa, zinafika kiwiko, nene lakini laini. Mkaguzi, kama walivyofanya watu wote, hakuzivaa. Alizileta kwanza kwa baba.

Tulikuwa watatu ndani ya duka. Baba alizipeleka dirishani. Alizikunja kidole baada ya kidole. Aliniita nami nikatazama, maana alikuwa amenifundisha: ngozi ya nguruwe ina vitundu vitatu vitatu, vimekaa pamoja kama mafiga, ya ng'ombe vimetawanyika, vidogo, havina mpango. Hizi hazikuwa na mafiga.

"Ng'ombe," baba alisema. "Tena mgongoni. Vaa, ndugu yangu, vaa ukafanye kazi."

Mkaguzi alizivaa palepale. Alikunjua na kukunja vidole. Sikuwahi kumwona anatabasamu vile. Alikuwa kama mtu aliyepewa mikono mingine.

Kwa muda mfupi soko lilimwona mtu mpya. Aliingiza mkono chini ya mikanda bila kugeuza uso. Punda waliuma ngozi ya ng'ombe wakachoka wenyewe. Masizi hayakusaidia tena, na zaidi ya mara moja magari ya Mwenye Magari yalisimamishwa njiani, mizigo ikashushwa, punda wakafunguliwa mbele ya watu.

Hapo ndipo neno lilipozaliwa. Hakuna aliyeweza kusema limetoka kwa nani, lakini sote tulijua limetoka baraza gani. Zile glavu, wakasema, ni za nguruwe.

Lilikimbia kuliko debe. Asubuhi moja yule mama wa kuku alimwona anakuja, akavuta tenga lake nyuma ya miguu. Hakutania. Alisema kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko matusi, "Leo usinishikie, baba. Watu watakataa kununua." Msikitini, mtu aliyesimama kushoto kwake alisogea kidogo, na wa kulia akasogea kidogo, na katika safu iliyoshonana palikuwa na nafasi mbili zinazoonekana. Hizo baba aliniambia mwenyewe, akiwa anatazama sahani yake.

Jioni ya baraza siisahau. Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha, kahawa inazungushwa, na Mkaguzi akaja akakaa katikati yao, glavu juu ya magoti. Duka letu lilikuwa wazi, mimi kwenye kizingiti na kiatu cha mtu mapajani.

"Fundi," Mwenye Magari aliita, kwa urafiki. "Njoo utusaidie. Watu wanauliza, na wewe ndiye mjuzi. Ngozi hii ya mnyama gani?"

Baba alivuka barabara. Alisimama mbele ya glavu zile, mikono yake ikabaki nyuma ya mgongo.

"Ngozi za Ulaya za siku hizi," alisema, "zinatiwa dawa nyingi. Mtu hawezi kujua. Mimi mkono wangu siutii."

Mchaga wa duka la kona alikuwa anapita na gunia la chumvi. Akalitua. "Mimi nimekulia misheni, tulifuga nguruwe. Ngozi yake naijua kama kiganja changu. Hii si yenyewe, wazee."

"Haya, shahidi wa nguruwe amefika," mtu alisema. "Na habari za pombe tukuulize wewe?"

Walicheka, na hata Mchaga alicheka kwa kukosa la kufanya, akabeba gunia lake. Katika kicheko kile Mkaguzi alimtazama baba. Nilimwona akifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, machache, yangetosha: uliniambia ng'ombe. Kisha akaufunga. Alizikunja glavu moja ndani ya nyingine, akazitia kwapani, akasimama.

"Asante, fundi," alisema.

Jioni ile nilimwuliza baba, "Si ulisema ng'ombe?"

"Kula," baba alisema. "Chakula kinapoa."

Kwenye msumari juu ya kichwa chake zilikuwa zimetundikwa hatamu mpya za Mwenye Magari, nyingi, zinanukia nta.

Mkaguzi alirudi kufanya kazi kwa mikono mitupu. Debe lilipogongwa alitokea kama zamani, mikono nyuma, na wale waliomvua glavu walimwamkia kwa heshima zaidi kuliko mwanzo, nadhani kwa sababu ilikuwa heshima isiyowagharimu kitu. Miezi haikupita mingi. Mbwa aliingia sokoni kutoka upande wa Mchafukoge, anatokwa povu, na watu wakapanda juu ya meza za mihogo. Yule mama wa kuku hakuwahi kupanda. Mkaguzi alipita katikati yake na mbwa, na kwa kuwa hakuwa na fimbo ya kitanzi wala kitu chochote, alimpa mbwa kile alichokuwa nacho. Alimpa mkono wa kulia, na wa kushoto ukamkaba shingo mpaka askari wakafika.

Alichomwa sindano za tumboni, siku baada ya siku. Kichaa hakikumpata. Lakini mkono uliiva, ukapasuliwa, ukafungwa, na ulipofunguliwa vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani na havikunyooka tena.

Baba hakwenda hospitali. Alinituma mimi na kikapu cha machungwa. Yule mama wa kuku alikuwa pale kabla yangu, amekaa chini kando ya kitanda, khanga mdomoni.

"Mwambie baba yako machungwa ni matamu," Mkaguzi alisema.

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza siku ile barazani.

Alifikiri. "Ningesema, ningemwaibisha mbele ya wateja wake. Nilidhani atasema mwenyewe kesho yake. Mtu akishtuka humvuti. Unamngojea."

Hakuna aliyesema kesho yake, wala mwezi uliofuata. Kazi ilipewa kijana kutoka Tanga, mwembamba, mwenye adabu, anayesalimia hata wauza maji. Mtaa ulimpenda, na debe likaanza kugongwa kwa ajili yake. Glavu alirithishwa. Hakuzivaa hata siku moja. Alikuwa amekwisha ambiwa.

Mara ya mwisho nilimwona Mkaguzi mwaka jana, baada ya alasiri, jua bado linachoma mabati. Hatukusikia mlango. Tulimwona tu amekwisha ingia, amepungua, kanzu inamning'inia. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko na kwapani alikuwa na bunda la gazeti. Nikamwamkia, akaitikia, akalifungua juu ya meza ya baba kwa mkono mmoja. Zilikuwa glavu. Kwa kukaa bila kazi zilikuwa zimekakamaa, na mshono wa kidole gumba umeachia.

"Kijana ameumwa na punda juzi," alisema. "Hapa." Akaonyesha juu ya kifundo cha mkono. "Si sana. Nimemwambia vaa glavu, anasema mzee, nitaswali wapi? Nimekuja unishonee gumba, fundi."

"Nitashona," baba alisema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Nitazipaka na mafuta zilainike. Hilo si kitu."

"Na neno?"

Baba hakuuliza neno gani. Aliweka chini kiatu alichokuwa nacho, akainuka, akaenda mlangoni akatazama nje, akafunga. Duka likawa giza, na mwanga ukabaki kwenye dirisha peke yake. Alirudi akasimama karibu kabisa na mwenzake.

"Ng'ombe," alisema. "Wallahi ni ng'ombe. Nilijua, na wewe unajua kwamba nilijua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe siku nyingi," Mkaguzi alisema. "Sikuja kwa hilo."

Alikwenda mlangoni. Kwa mkono wa kushoto akaufungua wote, mpaka ukutani, na Kariakoo ikaingia ndani kwa pamoja: jua, vumbi, mlio wa magurudumu, harufu ya samaki na ya punda. Upande wa pili, barazani, walikuwa wamekaa. Mwenye Magari alikuwa ameegemea nguzo, kikombe mkononi. Aliinua uso akatutazama kwa wema wa jirani.

"Sasa sema," Mkaguzi alisema. Hakuipandisha sauti. "Yule kijana ana mikono miwili bado."

Baba alikuwa amesimama ndani ya mwanga ule kama mtu aliyemwagiwa maji. Niliona midomo yake ikijiandaa, na nilisimama, bitana zikaniporomoka mapajani, kwa sababu niliamini kwamba sasa hivi, sasa hivi.

"Fundi," Mwenye Magari aliita kutoka ng'ambo. "Kwema?"

"Kwema," baba alijibu.

Kisha akainama, akaanza kutafuta msharasi wake chini ya meza. Msharasi ulikuwa juu ya meza. Aliutafuta kwa muda mrefu, mgongo wake kwetu, akipapasa sakafu kwa viganja.

Mkaguzi alingoja. Alimngoja kama nilivyomwona akiwangoja punda, ameegemea kidogo upande mmoja, hana haraka, uso umegeukia kwingine. Alipoona kwamba baba hatainuka, alizifunga glavu ndani ya gazeti kwa mkono wake mmoja, akazitia kwapani. Hakuniangalia. Alitoka akasimama kizingitini, akageuka, akaweka kiganja cha kushoto juu ya ubao, na akausindikiza mlango polepole mpaka ukakutana na mwimo, bila sauti yoyote, asije akamshtua aliyemo ndani.